Leteni Kilichotoka Mkononi Mwenu

Hotuba ya mzee mmoja wa Kamati, mkulima mwenye asili ya Bugarama, katika mkutano wa matayarisho ya maonyesho ya mboga na kazi za mikono ya tarehe 20 Juni



Kamati imeniomba nizungumze juu ya maonyesho yetu, nani alete nini na namna ya kukitayarisha. Sina cheti cha kilimo. Nililima Bugarama, kwenye milima inayoteremka hadi ziwani pale Magara, ambako mtu akilima juu anaona mitumbwi ya ndagala chini yake. Wakati ule Bugarama ilikuwa bado ya Bujumbura Vijijini. Mkoa wa Rumonge ulianzishwa mwezi Machi 2015, na kabla hatujazoea jina hilo, mwezi Mei wengi wetu tulikuwa Kagunga tukisubiri meli ya Liemba ituchukue hadi Kigoma. Tangu hapo shamba langu ni kipande cha nyuma ya nyumba, mnakijua.

Nikiwa njiani kuja hapa ndugu mmoja alinisimamisha akaniuliza: "Mzee, maonyesho ya nini? Ardhi si yetu, mboga ni za ndani ya gunia, na mwakani hatujui tutakuwa wapi." Swali hilo ni la haki na sitalipita. Sisi wa upande wa Rumonge tunajua maana ya kuacha shamba. Wapo kati yetu waliokimbia mwaka 1972, wakarudi, wakakuta michikichi iliyopandwa na baba zao inachumwa na wengine, wakapeleka madai yao mbele ya tume ya ardhi iliyoundwa 2006, kisha wakakimbia tena 2015. Mtu wa namna hiyo akikuuliza maonyesho ni ya nini, haifai kumjibu kwa wimbo na ngoma.

Mimi ninamjibu hivi. Mchikichi haubebeki, wala shamba halibebeki. Kinachobebeka ni mbegu na ujuzi wa mkono, na vyote viwili vinakufa visipotumiwa. Watoto waliozaliwa baada ya sisi kufika hapa sasa wana umri wa kushika jembe, na wengi hawajamwona bibi akichagua mbegu za maharagwe mlangoni, hii ya kupika, hii ya kupanda, hii ya kuku. Wanajua maharagwe kuwa ni kitu kinachotoka kwenye mgao. Akisimama mbele ya meza yenye aina nane za maharagwe, kila aina na jina lake, mtoto atauliza. Na wewe utakuwepo kumjibu.

Jambo la kuonyesha mbegu mbele ya watu si la kizungu, ingawa wengine wanadhani hivyo. Burundi ilikuwa na umuganuro, sherehe ya mtama, ambapo mwami alionja mtama na kubariki mbegu ndipo nchi ipande. Sherehe ile ilikomeshwa wakati wa Wabelgiji, mwaka 1929. Maonyesho ya meza na zawadi yalikuja kwa njia nyingine. Huko Uingereza chama cha kifalme cha kilimo kilifanya maonyesho yake ya kwanza mjini Oxford mwaka 1839, na vijiji vyao vingi hadi leo vina siku ya mboga na maua ambapo wazee wanagombania kitunguu. Walowezi walileta desturi hiyo Kenya, wakaunda chama chao mwaka 1901, nacho ndicho mzazi wa maonyesho ya kilimo ya Kenya ya leo. Hapa Tanzania wenyeji wetu wana Nane Nane, kila tarehe 8 Agosti, na Kigoma huonyesha pamoja na Tabora. Sisi hatutoki kambini bila kibali, kwa hiyo hii ya tarehe 20 Juni ndiyo Nane Nane yetu. Hata tarehe yenyewe ina mizizi Afrika: Umoja wa Mataifa umeiadhimisha duniani kote tangu 2001, lakini ni siku ile Mkataba wa OAU juu ya wakimbizi, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1969, ulipoanza kutumika mwaka 1974.

Sasa niingie kwenye meza.

Leo tuna wiki sita. Asiyekuwa na mche wa nyanya wala wa kitunguu hadi leo asijisumbue kwa mwaka huu, hautawahi. Lakini lengalenga inawahi, na itawahi mara mbili. Inachukua wiki tatu hadi nne tangu kusia mpaka kuchuma. Ninawashauri msie mafungu mawili, moja wiki ya pili na jingine wiki ya tatu kuanzia sasa, ili jua likikaza moja liwe la akiba. Mwezi Juni ni kiangazi, mvua imekwisha, na maji ya bomba ni ya kunywa na kupika. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa, ila yasiwe na sabuni nyingi, na yamwagwe shinani, kamwe yasimwagwe juu ya majani.

Kwa wale wa bustani ya gunia, nimepita nikaona makosa ya namna moja karibu kila kijiji. Mnajaza udongo mtupu hadi juu, halafu mnamwagilia juu, na maji hayafiki chini. Chukueni kopo la mafuta lisilo na kitako, liwekeni katikati ya gunia, lijazeni kokoto, kisha jazeni udongo na samadi kulizunguka. Udongo ukifika ukingo wa kopo, livuteni juu, kokoto zibaki, mjaze tena. Mwishoni mtakuwa na nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu, na maji yakimwagwa katikati yatashuka na kuenea pande zote. Ndipo matundu ya ubavuni yatawapa mboga za kuonyesha. Sasa hivi miche ya chini inakauka na ya juu inaoza.

Siku ya maonyesho chumeni alfajiri, kabla jua halijagusa jani. Fungu lisimamishwe kwenye maji, kivulini, mpaka wakati wa kuleta. Msiongeze majani ya jirani ili fungu linenepe. Mwamuzi mzuri atafungua fungu lako, na akikuta majani ya aina mbili, moja laini na moja gumu, atajua.

Kuna jambo la majina. Mwaka mmoja karatasi ya kuandikisha ilisema "mchicha". Kina mama wa kwetu wakaja na lengalenga, karani akatafuta neno hilo kwenye karatasi, hakuliona, akawaambia meza yao haipo. Walirudi nyumbani na mafungu yao, na jioni tukasikia ikitangazwa kwamba mwitikio wa mchicha ulikuwa mdogo. Lengalenga ni mchicha! Sombe ni kisamvu, intore ni nyanya chungu, na ndagala zetu ni dagaa zao. Kamati imekubali kwamba safari hii kila kadi iandikwe majina yote mawili, la kwetu na la wenyeji, na Wakongo waliopo kati yetu waandike la kwao. Waha wa vijiji vya jirani wataalikwa, na wao wakisikia Kirundi hawahitaji mkalimani, kwa hiyo kadi itawasaidia zaidi wageni wa mashirika.

Kwenye maharagwe nina ugomvi, na nimeomba ruhusa niueleze hadharani.

Sheria za maonyesho ya vyama vikubwa zinataka vitu vilingane. Ukiambiwa ulete vitano, lete vitano, vya ukubwa mmoja, rangi moja, umbo moja. Ukileta sita umetolewa hata kama ni vizuri kuliko vyote. Kwa nyanya na vitunguu ninaikubali sheria hiyo. Kulinganisha kunaonyesha kwamba mkulima anajua anachofanya, haikutokea kwa bahati. Lakini Mrundi wa milimani hapandi maharagwe ya rangi moja. Tunapanda mchanganyiko: mekundu, ya njano, meupe yenye madoa, meusi, ndani ya shamba moja, na mchanganyiko wa mama fulani unajulikana kilima kizima. Si uvivu wa kuchagua. Mvua ikizidi, aina moja inaoza na nyingine inasimama. Ukame ukija, ile ya kukomaa mapema imekwisha vunwa. Ugonjwa ukiingia haumalizi shamba lote kwa siku moja. Wataalamu waliosomea kilimo cha Maziwa Makuu wameandika juu ya jambo hili, hivyo si maneno ya mzee tu. Mwanamke anayetunza mchanganyiko huo anapima kila msimu, anaongeza kiganja cha hii, anapunguza ile. Ukimpa alama ndogo kwa kuwa maharagwe yake hayafanani, umempa adhabu kwa elimu yake.

Kwa hiyo nimeomba, na Kamati imekubali baada ya mabishano marefu, kwamba kutakuwa na meza mbili za maharagwe. Ya kwanza ni ya aina moja, sahani moja, na huko sheria ya kulingana itatumika. Ya pili ni ya mchanganyiko, kibaba kimoja, na mwenye maharagwe atasimama kando ya meza aeleze kila aina: jina, siku za kukomaa, na kwa nini ameiweka. Maelezo yatapewa alama kama maharagwe yenyewe. Ambaye amenunua mchanganyiko sokoni atajulikana kabla hajamaliza sentensi ya pili.

Mihogo ina sharti ambalo sitaki lichukuliwe kama mzaha. Leteni mizizi tu. Shina libaki shambani, jani libaki shambani, na vivyo hivyo chipukizi la mgomba lisije kabisa uwanjani. Ninajua furaha ya maonyesho ni kuomba kipande cha shina kwa mwenye muhogo mzuri ukapande kwako. Lakini mnakumbuka batobato kali ilivyotuingilia Burundi miaka ya mwanzo ya 2000, ikala mihogo ya Imbo na Mumirwa hadi watu wakaacha kupanda. Ugonjwa huo husafiri ndani ya shina linalobebwa na binadamu mwenye nia njema, na vilevile hubebwa na inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya jani. Mnyauko wa migomba nao husafiri kwa chipukizi na kwa panga lililokata mgomba mgonjwa. Hatutakubali maonyesho yetu yawe soko la magonjwa kati ya zoni na zoni, wala kati yetu na mashamba ya Waha, ambao tukiwaharibia hatutakuwa na uso wa kuwatazama. Mzizi nao utakatwa mbele ya mwenyewe: ukiwa na michirizi ya kahawia ndani, hautapata alama hata ukiwa mrefu kama mkono wangu, na mwenyewe atashauriwa asitumie mashina ya shamba hilo kwa mbegu. Kwa hilo pekee maonyesho yatakuwa yamemsaidia.

Watu wa Rumonge wameniuliza juu ya mawese. Ndugu zangu, ninaelewa. Mtu wa Rumonge bila mawese ni kama mvuvi bila kasia. Lakini michikichi haipo hapa kambini, na mafuta mnayotaka kuleta yamenunuliwa, yametoka kwa wenyeji wa kando ya ziwa. Chupa ya mafuta ya kununua haiwezi kuingia kwenye meza ya mavuno ya mtu. Sabuni ni jambo jingine. Mawese yamenunuliwa, lakini sabuni imetoka mkononi mwako, na itaingia kwenye kazi za mikono. Muwe tu waangalifu na mafuta mnayonunua. Matone machache juu ya sufuria ya moto: yakilialia, yana maji ndani, hayakuchemshwa vya kutosha. Yakinuka ukali, chikichi zilikaa siku nyingi mno kabla ya kukamuliwa.

Na kwa usalama wenu, kina mama wa sabuni: ni magadi makali yanayotiwa ndani ya maji, polepole, kwenye chombo cha plastiki kigumu au udongo, mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali. Kamwe msimwage maji juu ya magadi, yatachemka na kuruka usoni. Chombo cha aluminiamu kisitumike, magadi hukila. Sabuni ikishakatwa ikae wiki nne ikauke. Ile inayowasha mikono ni changa, na kwenye meza yetu itaonekana changa. Mnaotaka kuonyesha mwezi ujao, pikeni wiki hii.

Vikapu, mikeka, nyungo, vyungu na majiko ya udongo vitakuwa meza moja ndefu, na nadhani hapo ndipo wageni watasimama zaidi. Kikapu cha kifuniko cha mchongoko, kile cha kwetu kinachopelekwa harusini, kitapimwa kwa kukigeuza chini: kitako ndicho kinachosema ukweli. Mshono ukiwa umelegea kwenye kitako, nakshi za juu hazitakuokoa. Jiko litawashwa na kuchemshiwa maji, kwa sababu jiko la kutazamwa halimsaidii mtu. Kuni za hapa zimewagharimu dada zetu zaidi ya pesa, na jiko linalotumia kuni tatu badala ya sita ni jambo kubwa. Na mifuko inayofumwa kwa nyuzi za viroba vya mgao, wengine walitaka itolewe kwa kuwa "si ya asili". Mimi nasema iingie. Bibi zetu walifuma mafunjo kwa kuwa mafunjo ndiyo yaliyokuwa bondeni. Hapa bondeni kwetu kuna viroba.

Nigeuke kidogo kwa wageni wetu wa mashirika, kwa heshima yote. Mmetuletea mbegu, keni na ushauri, na bila mabomba yenu hakuna ambaye angekuwa na mboga mwezi Juni. Nina maombi matatu madogo. Kwanza, picha. Jirani yangu alifuma kikapu kwa wiki tatu. Kilipigwa picha, na baadaye tukaiona picha hiyo kwenye kalenda, chini yake imeandikwa "kazi ya mwanamke mkimbizi". Jina analo, na kadi ilikuwa pale pale mezani. Kabla ya kupiga picha mwombeni mwenyewe, na akikubali mwandike jina lake kama anavyotaka liandikwe. La pili ni bei. Kila kitu cha kuuzwa kitakuwa na bei kwenye kadi, imekubaliwa na mwenyewe. Kupatana ni desturi yetu wote, lakini mtu mwenye mshahara asipatane na mwenye kadi ya mgao mpaka kikapu cha wiki tatu kiwe bei ya soda mbili. Tatu, zawadi. Vyeti ni vizuri, vinapendeza ukutani, isipokuwa kuta zetu ni za udongo na panya wanapenda karatasi. Tungependa jembe, keni ya kumwagilia, sindano kubwa za kufumia, panga. Mshindi wa meza ya watoto apewe mbegu na kitu cha kuzifunikia.

Waamuzi watakuwa watano: wawili kutoka kwetu, mmoja wa Wakongo, mmoja mwenyeji wa kijiji cha jirani, na mmoja bwana shamba. Hakuna mwamuzi atakayeleta kitu chake mezani, wala mke wake, wala mume wake. Mimi sitakuwa mwamuzi; nitaleta viazi vitamu na ninataka kushinda.

Kabla sijakaa, mama mmoja wa kijiji cha nne aliniletea swali kwa mtoto wake, kwa kuwa hakutaka kuliuliza mbele ya watu, na ninamjibu hapa bila kumtaja. Ameuliza: kadi ya mgao ina jina la mume wangu, na bustani nimeilima mimi, je, kadi ya maonyesho niandike jina la nani? Mama, andika lako. Kamati ilikwisha amua: jina la kwenye meza ni la aliyelima, aliyefuma au aliyepika, awe mke, mume, mjane au mtoto wa miaka kumi, na zawadi atapewa huyo huyo mkononi. Asiyejua kuandika atakuta vijana wawili wa sekondari kwenye lango kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, watamwandikia. Kuandikisha kunaanza Jumatatu, chini ya ule mti wa ofisi ya Kamati. Vitu vya mezani vichukuliwe kabla ya saa kumi jioni, na mboga zitakazoachwa zitapelekwa wodi ya kina mama hospitalini.